Kukumbuka kwa Kuvuta Picha: Mwongozo kwa Anayeijua Mwanza kwa Miguu

Kabla hujasoma mbele, fumba macho uhesabu madirisha ya nyumba uliyokulia. Usikisie, hesabu moja baada ya jingine mpaka uipate idadi kamili. Hakuna aliyekufundisha idadi hiyo wala hukuwahi kuikariri, na hata hivyo umeipata, kwa sababu umeingia mlangoni, ukapita sebuleni, ukachungulia chumba kimoja baada ya kingine na kuyaona madirisha yenyewe. Ulichokifanya sasa hivi ndicho kinachofundishwa katika mwongozo huu. Akili hiyohiyo inayokataa kushika mambo saba ya mtihani imeshika, bila kuombwa, nyumba nzima pamoja na ufa wa ukutani na mlango unaokwama wakati wa masika.

Jambo hili si geni. Cicero, msemaji na mwanasiasa wa Roma, aliandika mwaka 55 kabla ya Kristo kisa cha mshairi Mgiriki aitwaye Simonides, ambaye aliitwa nje ya karamu muda mfupi kabla paa la ukumbi halijaporomoka na kuwaua waliobaki ndani. Maiti zilipondeka kiasi kwamba ndugu hawakuweza kuzitambua, lakini Simonides alimtaja kila mmoja kwa kukumbuka alikuwa ameketi wapi. Yawezekana kisa kimetiwa chumvi, kama visa vya washairi vilivyo, ila wasemaji wa Roma walizishika hotuba zao ndefu kwa njia hiyo hasa: walizipanga hoja katika vyumba vya nyumba wanayoijua, kisha wakasimama mbele ya watu wakitembea ndani ya nyumba hiyo kimoyomoyo. Mwaka 2014 Tuzo ya Nobel ya Tiba walipewa John O'Keefe, May-Britt Moser na Edvard Moser kwa kugundua seli za ubongo zinazotambua mahali tulipo. Seli hizo zimo katika hipokampasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, na katika sehemu inayopakana nayo, na hipokampasi ndiyo pia inayohusika na kutunga kumbukumbu mpya. Kwa hiyo mahali na kumbukumbu ni majirani wa ukuta mmoja.

Kwa anayetaka ushahidi wa watu wa kawaida, watafiti wa Uholanzi, Ujerumani na Marekani walichapisha mwaka 2017 matokeo ya kuwafundisha njia hii watu wasio na kipaji chochote maalumu. Kabla ya mafunzo, walipopewa orodha ya maneno 72, walikumbuka kwa wastani maneno 26 hivi. Baada ya wiki 6 za mazoezi ya nusu saa kwa siku walikumbuka zaidi ya 60, na baada ya miezi minne uwezo huo ulikuwa bado haujawatoka.

Waandishi wengi huita mahali pa kuhifadhia picha za mambo unayotaka kuyakumbuka kasri au jumba la kumbukumbu. Mimi jina hilo silipendi, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili akisikia jumba la makumbusho anafikiria mifupa ya kale na mkata tiketi mlangoni. Nitatumia lugha ya daladala, ambayo sote tunaifahamu: njia, vituo na abiria. Njia ni mahali unapopajua, vituo ni sehemu utakazosimama kwa mpangilio, na abiria ni picha unayoishusha katika kila kituo.

Kuchagua njia

Njia ya kwanza iwe nyumba unayoishi. Nitachukua mfano wa nyumba iliyopanda mlimani Mabatini, kama zilivyo nyumba nyingi za mji huu uliojengwa juu ya mawe. Unatoka barabarani ukapanda ngazi ya mawe, unapita kando ya jiwe kubwa kuliko gari, unafungua geti la bati, unalipita tenki la maji, unafika kibarazani, unaingia sebuleni penye kochi, kisha unatokea uani kwenye jiko la mkaa. Hivyo ni vituo saba. Viandike kwenye karatasi, halafu ondoka kitini uende ukavipitie kwa miguu yako. Simama katika kila kituo kwa muda wa kupumua mara tatu, gusa kitu, angalia mwanga unatokea upande gani. Wanafunzi wengi huruka hatua hii kwa kudhani kwamba nyumba yao wanaijua, nao ndio baadaye hulalamika kwamba picha zao zinaelea.

Njia ipitwe kwa mwelekeo mmoja daima, na vituo visifanane. Katika sharti hilo la pili wakazi wa mjini hukosea kwa kuutamani mwalo wa Kirumba au vibanda vya Makoroboi, kwa kuwa pale pana shughuli nyingi na macho hayachoki. Shughuli hizo hazikusaidii kitu. Meza ya kumi ya dagaa haina tofauti na meza ya kumi na moja, na abiria uliyemshusha kwenye moja utakwenda kumtafuta kwenye nyingine. Ukiwa na vituo vichache vinavyotofautiana waziwazi, vitakufaa kuliko vingi vinavyofanana.

Ukishaizoea nyumba, ongeza njia ndefu: anzia Kamanga kwenye kivuko, upite mjini, uende Igogo, Mkuyuni, Butimba mpaka Nyegezi, na katika kila eneo uchague sehemu moja au mbili zisizohama, kama vile jiwe, mti mkubwa au kona ya jengo. Lakini iwe njia uliyoitembea. Anayeijua kwa kukaa kiti cha dirishani anayajua majina anayoyaita konda, na majina si mahali.

Kumshusha abiria

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo nitakapokaa kwa muda. Tuseme mwanafunzi anataka kushika ngazi za uainishaji wa viumbe hai kwa mpangilio wake: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Nimechagua orodha hii kwa makusudi, kwa sababu maneno yake ni makavu. Mtu yeyote anaweza kuvuta picha ya ndoo au ya mbuzi. Jenasi haina sura. Neno lisilo na sura hubadilishwa kwanza kuwa kitu chenye sura ambacho jina lake linafanana nalo kwa sauti au kwa maana, na Kiswahili, kwa wingi wa irabu zake, ni chepesi sana kwa mchezo huu.

Kwenye ngazi ya mawe amekaa mtemi wa zamani, ameketi kwenye kigoda chake katikati ya daraja la kwanza, vazi lake limetapakaa mpaka chini barabarani, na hakuruhusu kupanda mpaka ulipe ushuru, kwa kuwa umeingia katika himaya yake. Kwenye jiwe kubwa, upepo wa ziwani umepeperusha mamia ya mafaili, karatasi zimelowa na kunata juu ya jiwe zima, nawe unazibandua moja moja kwa kucha: faila. Kwenye komeo la geti amening'inia nge mweusi mwenye ukubwa wa kiganja, na ili ufungue geti ni lazima upitishe kidole katikati ya magando yake: ngeli. Juu ya tenki la maji amesimama mhudumu wa hoteli, kalamu sikioni, anakupigia kelele useme oda yako huku sato waliokwisha kukaangwa wakiogelea ndani ya tenki. Kibarazani imeegeshwa bodaboda inayonguruma, na juu yake wamepakiana baba, mama na watoto sita, wote wakikutazama kwa hasira kwa kuwa umewachelewesha: familia. Sebuleni, juu ya kochi, limelazwa jeneza, na ndani yake mtu anakoroma: jenasi. Anayeona ni kisirani kuweka jeneza ndani ya nyumba yake, na wapo wengi, aweke jenereta inayotoa moshi na kulitetemesha kochi; itafanya kazi ileile. Uani, mpishi amejikalisha mwenyewe ndani ya sufuria iliyo jikoni, anajikoroga kwa mwiko na kuonja chumvi: spishi.

Sasa rudi barabarani, panda ngazi, na ulitaje kila neno unapomwona abiria wake. Kisha anza uani ushuke mpaka barabarani. Ukiweza kuitaja orodha kwa kurudi kinyumenyume, umeipata. Aliyekariri kwa wimbo tu hukwama hapo.

Tazama picha hizo zimetengenezwaje. Kila abiria anafanya jambo, na anamfanyia msafiri: anamzuia, anamtishia, anamnatisha vidole. Picha iliyosimama tu kama ya kitambulisho haidumu. Vilevile kila abiria ameshikamana na kituo chake kiasi kwamba huwezi kukitazama kituo usimwone yeye. Nge hayuko karibu na geti, bali yuko kwenye komeo lenyewe. Na nisifiche kosa langu: mpishi jikoni ni picha dhaifu. Mpishi ni mtu wa jikoni, na kitu kilicho mahali pake hakishtui. Ndiyo maana ilinibidi nimtie ndani ya sufuria. Kama ningemweka kwenye ngazi ya mawe na mtemi nikampeleka jikoni, nisingelazimika kumpika mtu.

Watu waungwana hupata shida katika hatua hii, kwa kuwa wanaona haya kuwaza upuuzi. Wakiambiwa wavute picha ya daktari, wanaleta daktari nadhifu aliyeketi mezani, na jioni wamekwisha kumsahau. Picha zako hazionekani na mtu mwingine yeyote, hivyo ziache ziwe chafu, za kuchekesha, za kutisha au za aibu kadiri akili yako itakavyo. Ongeza pia yale yasiyoonekana kwa macho: harufu ya mafuta ya kukaangia, ubaridi wa karatasi zilizolowa, mngurumo wa pikipiki.

Jihadhari na mwanga na rangi. Mwanasaikolojia wa Urusi Aleksandr Luria alimchunguza kwa miaka mingi mwandishi wa habari Solomon Shereshevsky, aliyekuwa na kumbukumbu ya ajabu na ambaye alizipanga picha zake katika barabara za mji. Safari moja aliruka neno yai katika orodha, na alipoulizwa alieleza kwamba yai alikuwa ameliegemeza kwenye ukuta mweupe, akalipita bila kuliona. Kwa mazingira yetu, usimwage dagaa juu ya mchanga wanakoanikwa wala usimweke panya wa kijivu juu ya jiwe la kijivu wakati wa magharibi. Mpe kila abiria ukubwa, rangi na mwanga vinavyomtenga na mahali alipo.

Majina ya kigeni na istilahi

Kwa jina moja gumu hakuna haja ya njia nzima. Inatosha kulivunja vipande na kuviunganisha katika picha moja. Mwanafunzi wa uvuvi atakutana na jina la kisayansi la dagaa wa ziwa letu, Rastrineobola argentea, na kulikimbia. Alivunje hivi: Rasta amepanda mtini kurina asali, anaingiza mkono mzingani, na badala ya sega anatoa boli la fedha linalomeremeta kama dagaa wabichi. Rasta, kurina, boli. Na fedha ndiyo maana ya argentea katika Kilatini. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, anaitwa Lates niloticus: mteja anapaza sauti "Lete!" na sangara anajileta mwenyewe akiwa amelowa maji ya mto Nile, ambao hutoka katika ziwa hili kule Jinja. Sato naye ni Oreochromis niloticus, kwa hiyo nusu ya jina lake umeshaipata. Nusu iliyobaki nakuachia, kwa sababu picha uliyoibuni mwenyewe hukaa kuliko ya kuazima.

Picha hizi zinakurudishia sauti ya jina, hazikurudishii tahajia. Ukishaipata picha, liandike jina mara tatu kwa mkono huku ukilitazama.

Tarakimu

Tarakimu ni maneno makavu kupita yote, na dawa yake ni kuipa kila moja sura ya kudumu. Orodha yangu haina utaratibu wa kupendeza, kwani nyingine nimezipa sura kwa umbo na nyingine kwa sauti. Sifuri ni yai. Moja ni fimbo, mbili ni bata kwa shingo yake, tatu ni chatu kwa kufanana kwa vina, nne ni tanga la mashua, tano ni tanuri, sita ni sitaha ya meli, saba ni sabuni, nane ni nanasi, na tisa, iliyonisumbua kuliko zote, ni upawa uliosimamishwa. Badilisha utakavyo, ila ukishaamua usibadilishe tena.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Fimbo mbili zimesimikwa ndani ya mashua kama milingoti, chatu amezizunguka akipanda, na juu amening'iniza tanga. Picha moja, tarakimu nne, kwa mpangilio wa kutoka chini kwenda juu. Mwaka 1858, ambao mpelelezi Mwingereza John Speke alifika katika ziwa hili, unakuwa fimbo iliyochoma nanasi, inaingizwa katika tanuri, na upande wa pili linatoka nanasi jingine bichi kabisa. Kwa tarakimu nyingi, kama namba ya simu, zigawe katika mafungu ya picha moja moja na uyashushe mafungu hayo katika vituo vinavyofuatana.

Majina ya watu

Kwenye harusi au kikao, kituo ni uso wenyewe. Chagua kitu kimoja katika uso kinachojitokeza, kisha kigonganishe na jina. Ukitambulishwa kwa mzee Mabula mwenye kipara, na kwa kuwa jina hilo kwa Kisukuma linatokana na mvua, basi mvua kubwa inyeshe juu ya kipara hicho peke yake, matone yakiruka kama juu ya bati. Lisikie jina vizuri kwanza. Sehemu kubwa ya majina tunayosema tumeyasahau hatukuyasikia tangu mwanzo, na si utovu wa adabu kumwomba mtu mzima arudie jina lake. Ikiwa wewe ndiye mshereheshaji, picha hizi zikusaidie kuzungumza bila kuinamia karatasi, lakini karatasi ya itifaki ibaki mfukoni. Niliwahi kuiacha nyumbani kwa kujiamini, nikamruka mjomba wa bwana harusi, na mpaka leo salamu yake kwangu ni fupi.

Kurudi njiani

Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunayojifunza hupotea katika saa za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Picha nzuri huchelewesha upotevu huo, haiuzuii. Pita njia yako baada ya dakika kumi, kisha usiku kabla ya kulala, kesho yake, siku ya tatu, baada ya wiki na baada ya mwezi. Kila safari haizidi dakika mbili na unaweza kuifanya ukiwa kwenye foleni ya kivuko. Usifungue daftari kwanza: pita, ujaribu, ukwame, ndipo uangalie. Kituo kilichokuwa kitupu hakihitaji kurudiwa mara kumi. Kinahitaji abiria mwingine, kwa maana yule wa kwanza alikuwa mpole mno.

Wapo watu ambao wakifumba macho hawaoni picha yoyote, hata ya mama yao mzazi. Hali hiyo iliandikwa na Mwingereza Francis Galton mwaka 1880, na ni ya kimaumbile, si uvivu. Mtu wa namna hiyo asikate tamaa, kwa kuwa bado anajua kwamba geti liko baada ya jiwe na kwamba kwenye komeo kuna nge. Ajisimulie safari kwa maneno badala ya kuitazama.

Na yapo mambo ambayo njia hii haiyawezi. Itakupa majina ya ngazi saba kwa mpangilio, lakini haitakueleza kwa nini sangara na sato wamewekwa katika jenasi mbalimbali. Hilo linahitaji kusoma na kuelewa. Muuguzi asitegemee picha kwa kipimo cha dawa, wala mfanyabiashara asitegemee picha kwa deni. Hayo yaandikwe.

Abiria waliokataa kushuka

Ukiitumia nyumba ya Mabatini leo kwa biolojia na kesho kwa historia, utamkuta nge bado yuko kwenye komeo. Kwa orodha ya kupita, kama mazoezi ya bidhaa za dukani, acha njia ipumzike siku mbili au tatu bila kuipita, na abiria wataondoka wenyewe. Ukiwa na haraka, pita kwa mara ya mwisho na ufagio, umfagie kila mmoja mpaka kituo kibaki na vumbi lake la kawaida. Kwa mambo unayotaka yakae miaka, usiwafagie. Wape nyumba hiyo moja kwa moja, na kwa kazi za kila siku tafuta njia nyingine. Anza na tatu: nyumba yako, nyumba ya bibi yako huko Ukerewe au Sengerema au popote ulipokuwa ukienda likizo, na njia ya kutoka kwako mpaka kituo cha daladala. Jumapili hii zitembee zote tatu ukiwa na kalamu, na ya bibi, kama ni mbali, itembee kwa kufumba macho, ukianzia pale ulipokuwa ukivua viatu.